Kukutanisha Si Kuchanganya: Tusichokisikia Katika Muziki wa Wakorea wa Ughaibuni

Wimbo "Golden" kutoka KPop Demon Hunters, filamu ya katuni kuhusu kundi la wasichana waimbaji wa Kikorea wanaowinda mapepo, ulishika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, mwezi Agosti 2025, ukakaa hapo kwa jumla ya wiki nane. Wachambuzi wakagawanyika papo hapo. Kundi la kwanza likasema Korea Kusini imeiteka Marekani: nchi iliyokuwa magofu ya vita miaka ya 1950 sasa inawaimbisha watoto wa dunia nzima. Kundi la pili likasema ni kinyume chake, Marekani ndiyo iliyoimeza Korea: wimbo ni wa Kiingereza isipokuwa vipande vichache, filamu imetengenezwa na Sony Pictures Animation na kuoneshwa na Netflix, kwa hiyo Ukorea uliobaki ni urembo wa juu juu. Makundi haya yanabishana kwa nguvu, lakini yameanzia mahali pamoja. Yote mawili yanadhani kuna nchi mbili, kila moja na muziki wake ndani ya uzio wake, na kazi ya mchambuzi ni kutangaza nani kamfunga nani. Mimi naona mchezo huo haukuchezwa kabisa.

Hoja yangu ni kwamba muziki unaosemekana kuunganisha Korea na Magharibi una ndani yake kazi mbili tofauti, na kwa kuwa tumezipa jina moja, tumeshindwa kuona ipi imezaa nini. Kazi ya kwanza ni kukutanisha. Unamchukua msanii wa Seoul, unamchukua mwingine wa Los Angeles, unawapa mdundo mmoja, na kila mmoja anaingia kwa zamu yake. Kazi ya pili ni kuchanganya. Hapo mtu mmoja aliyelelewa na lugha mbili na redio mbili anatoa sauti ambayo huwezi kuikata katikati ukasema hiki cha huku na hiki cha kule. Ya kwanza ni kazi ya dalali, na neno hilo silisemi kwa dharau; watu wa pwani wanajua kwamba bila dalali mzigo hulala bandarini. Ya pili ni kazi ya mzaliwa. Kilichoshinda mwaka 2025 ni hii ya pili, nayo ilichukua zaidi ya miaka thelathini kuiva.

Watazame waimbaji wenyewe wa "Golden" na mwongozaji wa filamu. EJAE alizaliwa Seoul, akaishi sehemu ya utoto wake New Jersey, kisha akawa mwanagenzi wa SM Entertainment, kampuni ya muziki ya Seoul, kwa takriban miaka kumi bila kuzinduliwa kama msanii. Audrey Nuna ni wa New Jersey, na kabla ya filamu hii alikuwa ameshatoa kazi mbili ndefu, moja mwaka 2021 na nyingine 2024, ambamo rapu, R&B na midundo mizito ya kielektroniki vimefumwa pamoja. Rei Ami alizaliwa Seoul, akakulia Maryland. Maggie Kang, aliyeongoza filamu akishirikiana na Chris Appelhans, alizaliwa Seoul, akakulia Toronto. Kabla ya hapo kulikuwa na "APT.", wimbo wa Rosé na nyota wa Marekani Bruno Mars, uliotoka Oktoba 2024 na kufika namba tatu kwenye chati hiyohiyo. Rosé alizaliwa New Zealand, akakulia Melbourne, akaenda Seoul akiwa kijana kuanza uanagenzi. Na neno linalorudiwa kwenye kiitikio chake, "apateu", ni neno la Kiingereza la nyumba ya ghorofa lililoingia Korea, likanyooshwa kwa matamshi ya Kikorea, likawa jina la mchezo wa watu wanaokunywa pamoja, halafu likarudi kwa wenye Kiingereza wakalipokea kama neno geni. Neno hilo sasa ni la nani? Mpwa wangu wa miaka tisa aliniuliza swali la namna hiyo siku moja akiimba "Golden" jikoni: "Mjomba, hapa nimeimba Kiingereza au Kikorea?" Alikuwa ameimba vyote viwili kwa pumzi moja.

Tofauti ya kukutanisha na kuchanganya inasikika vizuri zaidi kwenye albamu ambayo wengi wameshaisahau. Far East Movement walianzia Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kev Nish ana asili ya Japani na China, Prohgress na J-Splif wana asili ya Korea, DJ Virman ana asili ya Ufilipino. Mwaka 2010 wimbo wao "Like a G6", uliotayarishwa na The Cataracs na kumshirikisha Dev, ulishika namba moja Billboard, wakawa kundi la kwanza la Wamarekani wenye asili ya Asia kufika hapo. Ndani ya wimbo ule hakuna kitu cha Asia unachoweza kukinyooshea kidole. Ni hip hop ya klabu juu ya kinanda baridi cha kielektroniki na besi nzito, maneno ya starehe, Kiingereza mwanzo mwisho. Wapo waliowalaumu kwa hilo, kwamba wamepata kipaza sauti kikubwa kuliko wote kisha hawakusema wao ni nani. Lawama hiyo naielewa, ila siikubali. Mtoto wa mhamiaji anayeingia kwenye nyumba ambayo haijawahi kumpokea mtu wa kwao huanza kwa kuongea kama wenyeji. Kwanza anataka kujua kama mlango utabaki wazi.

Miaka sita baadaye, Oktoba 2016, wakiwa wamebaki watatu, walitoa albamu waliyoiita Identity, yaani utambulisho. Jina hilo lilikuwa jibu kwa lawama ile. Wazo lake kuu lilikuwa kuwaweka wasanii wa Korea na wa Marekani ndani ya wimbo mmoja, juu ya midundo iliyosimama kati ya hip hop na muziki wa kielektroniki wa madisko. Mfano mmoja unatosha, wimbo "Freal Luv". Humo yumo Marshmello, DJ na mtayarishaji wa Marekani. Yumo Chanyeol wa kundi la EXO la Seoul. Yumo Tinashe, mwimbaji wa R&B aliyekulia Los Angeles, ambaye baba yake ni Mzimbabwe na jina lake ni la Kishona. Wenyeji wa wimbo ni vijana watatu ambao mmoja tu kati yao ndiye mwenye asili ya Korea. Ukisema wimbo huu "unaunganisha Korea na Magharibi" umewaacha nje watu wengi kuliko uliowataja. Hapo Tokyo ipo, Manila ipo, Harare ipo, na wote wamepitia mji mmoja wa Kalifonia.

Nikiisikiliza Identity leo, nasikia mishono. Kila mgeni anafika, anafanya sehemu yake, anampisha mwenzake. Midundo ni ile iliyokuwa ikitawala madisko mwaka ule, kwa hiyo imechakaa pamoja na mwaka ule. Haikurudia kishindo cha 2010. Hata hivyo naiheshimu kuliko albamu nyingi zilizouza zaidi, kwa sababu ya wakati wake. Mwaka 2016 BTS, kundi la wavulana la Seoul, walikuwa hawajaipeleka albamu yao namba moja Marekani. Hilo lilitokea 2018. Kumbukumbu kubwa ya Wamarekani wa kawaida kuhusu Korea ilikuwa mwimbaji Psy na "Gangnam Style" yake ya 2012, iliyofika namba mbili na ambayo wengi waliichukua kama kichekesho cha msimu. Watu waliokuwa na namba za simu za pande zote mbili, na waliojua adabu za studio za pande zote mbili, walikuwa wachache mno. Far East Movement walikuwa miongoni mwao, na kazi hiyo waliiendeleza kupitia kampuni yao ya Transparent Arts. Walifanya udalali kwa maana yake nzuri, lakini udalali haukuwa mwisho wa safari.

Kabla ya kwenda mbele, kuna neno moja linalohitaji kuvuliwa koti. Tunaposema "Magharibi" katika muziki huu tunamaanisha nini? Hip hop ilizaliwa Bronx, New York, miaka ya 1970, mikononi mwa vijana Weusi na wa Kilatino, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Karibiani. Kwenye muziki wa kielektroniki wa kuchezea, mtindo wa haus ulizaliwa kwenye klabu za Weusi na Walatino wa Chicago, tekno ikazaliwa kwa vijana Weusi wa Detroit. Kiini cha kile tunachokiita muziki wa Magharibi hapa ni sauti ya watu ambao Magharibi yenyewe iliwatupa pembeni. Hata ndoa ya hip hop na muziki wa kielektroniki, ambayo kila baada ya miaka michache inatangazwa kuwa jambo jipya, ilifungwa rasmi mwaka 1982 katika "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force, iliyojengwa juu ya mawazo ya Kraftwerk wa Ujerumani na milio ya Roland TR-808. Mashine hiyo ya ngoma ilitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1980. Haikufanya vizuri sokoni, uzalishaji ukakoma 1983, zikaanza kuuzwa kwa bei ya chini kama vyombo vilivyotumika, na vijana wasio na fedha wakazichukua. Besi ile inayotikisa vioo vya magari katika nyimbo za rapu hadi leo ilitoka kiwandani Asia. Kwa hiyo anayedai kwamba albamu ya Mkorea inayochanganya rapu na elektroniki "inaleta Asia" kwenye muziki wa Magharibi amechelewa kwa miaka arobaini.

Upande wa Korea nao haukuwa na uzio. Baada ya vita, wanamuziki wengi wa Kikorea walijipatia riziki kwa kupiga kwenye kambi za Jeshi la Nane la Marekani, na humo walijifunza jazi, blues na rock. Miongo kadhaa baadaye, mtaa wa Itaewon mjini Seoul, jirani na kambi ya Yongsan, ulikuwa na klabu ya Moon Night ambako vijana wa Kikorea walikwenda kujifunza mitindo ya kucheza waliyoiona kwa askari Weusi. Kutoka katika duru hiyo ya wachezaji walipatikana wawili kati ya watatu waliounda Seo Taiji and Boys. Mwaka 1992 kundi hilo lilitokea kwenye televisheni likiwa na rapu ya Kikorea, waamuzi wakawapa alama za chini, na vijana wa nchi nzima wakawafuata. Mmoja wao, Yang Hyun-suk, alianzisha kampuni ya muziki ya YG, na YG ndiyo iliyomlea Rosé ndani ya kundi la wasichana la BLACKPINK. Ukiufuata uzi wa "APT." kurudi nyuma, unafika kwenye sakafu ya klabu iliyo jirani na kambi ya jeshi la kigeni. Historia hiyo ina uchungu ndani yake, maana kambi za jeshi haziji na muziki peke yake.

Na mwaka huohuo wa 1992 ng'ambo ya bahari kulikuwa na moto. Mwezi Machi 1991 msichana Mweusi wa miaka 15, Latasha Harlins, alipigwa risasi na kuuawa katika duka la Mkorea huko Los Angeles. Muuza duka alipatikana na hatia lakini hakufungwa jela. Mwaka huo wa 1991 rapa Mweusi Ice Cube alitoa "Black Korea", wimbo uliojaa vitisho dhidi ya Wakorea wenye maduka. Aprili 29, 1992, baada ya askari polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani Mweusi, kuachiwa huru, mji ulilipuka, na zaidi ya biashara 2,000 za Wakorea ziliharibiwa au kuchomwa. Wamarekani wenye asili ya Korea wanaita siku hiyo Sa-i-gu, yaani nne-mbili-tisa. Tiger JK, mzaliwa wa Seoul aliyekulia Los Angeles, alikuwa kijana katika mji huo. Alipanda jukwaani kuchana kwenye tamasha la hip hop mbele ya watu ambao jamii zao zilikuwa zimetoka kuumizana. Baadaye alirudi Korea, akaanzisha kundi la rapu la Drunken Tiger, na albamu yake ya kwanza ya 1999 ikawa miongoni mwa misingi ya rapu ya Kikorea. Mke wake, Yoon Mi-rae, alizaliwa Texas kwa mama Mkorea na baba Mmarekani Mweusi aliyekuwa askari, na ameimba waziwazi kwa Kikorea kuhusu kubaguliwa kwa rangi yake. Watu hawa hawakukutanishwa na meneja. Mchanganyiko ulikuwa ndani ya nyumba zao, na uliwaumiza kabla haujawalipa.

Sasa tuingie kwenye lugha, maana mchanganyiko wa kweli hufanyika mdomoni. Sentensi ya Kikorea huishia na kitenzi, na vitenzi vina miisho michache inayojirudia. Kwa hiyo mchanaji wa mwanzo alikuwa na vina vya bure: kila mstari ulifungwa na silabi ileile ya kisarufi, na sikio likachoka. Mwenye kusoma mashairi ya Kiswahili anaujua mtego huu. Kitenzi chetu huishia na "a" mara nyingi, na mshairi mvivu anaweza kupanga ubeti mzima kwa kina cha "na" bila kufikiri, ilhali malenga hutafuta kina mahali ambapo sarufi haikumpa. Mwaka 2001 mchanaji Verbal Jint alitoa kazi iliyowaonesha wachanaji wa Seoul kwamba Kikorea kinaweza kubeba vina vya silabi nyingi vilivyotawanywa katikati ya mstari, kwa kuvunja mpangilio wa sentensi na kusikiliza irabu badala ya miisho. Alichukua mbinu ya Weusi wa New York, lakini hakuna Mweusi wa New York ambaye angeweza kumtatulia tatizo lile, kwa sababu halikuwemo katika Kiingereza. Mbinu ilipofika kwenye lugha nyingine ilibidi izaliwe upya, na ilipozaliwa upya ikawa mali ya lugha hiyo.

Ndipo ninapomleta Yaeji, mwimbaji na mtayarishaji wa muziki wa kielektroniki, ambaye kwangu ndiye aliyefika mbali zaidi. Alizaliwa New York mwaka 1993, akahamia Atlanta, kisha Korea, kisha akarudi Marekani kusoma Carnegie Mellon, Pittsburgh, ambako alianza kupiga muziki kwenye redio ya chuo. Mwaka 2017 alijulikana kwa "raingurl", wimbo wa haus ulioimbwa karibu kwa kunong'ona. Mwaka 2020 alitoa What We Drew kupitia XL Recordings, jina la albamu likiandikwa kwa Kiingereza na kwa hangul, herufi za Kikorea, ubavu kwa ubavu, na mwaka 2023 akatoa With a Hammer. Sauti yake inapita kutoka Kiingereza kwenda Kikorea katikati ya wazo, na mara nyingine hujui umevuka lini. Amewahi kueleza kwamba mwanzoni alipenda kutumia Kikorea kwa kuwa wasikilizaji waliomzunguka hawakukielewa, hivyo aliweza kusema ya moyoni na bado akajificha. Fikiri kidogo juu ya hilo. Katika Identity, lugha ya Kikorea ipo ili ionekane, kwa sababu ndiyo sababu ya albamu kuwepo. Kwa Yaeji lugha ileile ni mahali pa kujificha, na pia ni ngoma, kwa sababu konsonanti za Kikorea zinazobanwa na zile zinazopuliziwa pumzi zinapiga kama kofi dogo juu ya mdundo wa haus. With a Hammer inahusu hasira iliyomezwa tangu utotoni, na hasira hiyo imebebwa na filimbi, rapu, na ngoma zinazokimbia kasi. Huwezi kuondoa nusu ya Korea ukabaki na nusu ya Amerika. Ukijaribu, unabaki na kelele.

Baada ya haya, nirudi kwa wale wanaosema Korea imeshinda. Hoja yao ina nguvu yake na si haki kuipuuza. Mwaka 1999 Korea Kusini ilipitisha sheria ya kukuza viwanda vya utamaduni, mwaka 2009 ikaunda wakala wa serikali wa maudhui ya ubunifu, KOCCA, na kampuni za Seoul zikajenga mfumo wa uanagenzi wa miaka mingi ambao hauna mfano. EJAE alifundishwa humo. Bila miongo ya nyimbo za Seoul, filamu ile isingekuwa na kitu cha kusimulia. Lakini hoja inaishiwa pumzi inapofika kwenye umiliki. Studio ni ya Marekani, jukwaa ni la Marekani, na Korea kwenyewe watu waliuliza kwa uchungu kwa nini kazi hiyo haikutengenezwa na wao. Mfumo wa Seoul ulizalisha ujuzi, lakini waliojua kuugeuza kuwa hadithi inayowagusa watoto wa Toronto na Dodoma walikuwa watu waliowahi kuutazama kutoka mbali kwa hamu, jinsi mtoto wa mhamiaji anavyoitazama nchi ya wazazi wake.

Wanaosema Korea imemezwa nao wana ushahidi. "Dynamite" ya BTS, iliyofika namba moja mwaka 2020, ni ya Kiingereza tupu, na baada yake kampuni nyingi zilijifunza kwamba Kiingereza ndicho kinachofungua redio za Marekani. Hasara hiyo ni ya kweli kwa wasanii wa Seoul wanaolazimishwa kuimba lugha wasiyoiota ndotoni. Ila kuichukua hoja hiyo na kuitumia dhidi ya Audrey Nuna au Yaeji ni kuwaonea. Kiingereza si lugha waliyovishwa sokoni, ni lugha waliyogombana nayo shuleni na kuitumia kuwatafsiria wazazi wao. Kuwaambia wakiache ili wawe Wakorea wa kweli ni kuwaomba wakate nusu ya utoto wao.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya usafi, kwamba muziki wa kweli wa Korea ni pansori, yaani usimulizi wa kuimba, na gayageum, ala ya jadi ya nyuzi, na kwamba kila kinachoongezwa juu yake ni uchafu. Sina neno baya juu ya pansori. Mwimbaji mmoja na ngoma moja wanaweza kusimulia kisa kwa saa nyingi, na ni hazina. Lakini anayetumia hazina hiyo kama fimbo amesahau kwamba nayo ilikua kwa kuchukua, kutoka nyimbo za waganga wa kijadi hadi lugha ya wasomi iliyojaa maneno ya Kichina. Hakuna mwaka unaoweza kuutaja ukasema hapa ndipo muziki wa Korea ulipokuwa safi. Hoja ya usafi haimlindi mpigaji wa gayageum pia, kwa sababu haimtafutii mwanafunzi wala hadhira. Inamfanya sanamu.

Iko hoja nyingine nzito zaidi, na hiyo sitaki kuipita kwa haraka: kwamba Wakorea wamejitajirisha kwa sanaa ya Weusi bila kulipa deni. Ni kweli kwamba mitindo ya nywele, lafudhi na ishara za Weusi zimetumiwa na baadhi ya wasanii wa Seoul kama nguo za kukodi, na kwamba lawama zilipokuja mara nyingi jibu lilikuwa ukimya au samahani ya mistari miwili. Deni hilo lipo. Lakini angalia linavyofichwa: neno "Magharibi" ndilo linalolificha. Tukisema albamu fulani imeunganisha Korea na Magharibi, mdai anatoweka kwenye daftari. Tukisema imechukua haus ya Chicago na rapu ya Bronx, ikaipitisha kwenye Kikorea, basi Chicago na Bronx zimetajwa, na mazungumzo ya nani analipwa, nani anaandikwa jina kama mtunzi na nani anaalikwa studioni yanakuwa na pa kuanzia. Kukutanisha kunaweza kulikwepa deni hili kwa kumwalika msanii mmoja Mweusi aimbe kiitikio. Kuchanganya hakuwezi kulikwepa, kwa kuwa deni limo ndani ya mdundo wenyewe.

Kwa nini jambo hili limshughulishe msomaji wa Kiswahili? Kwa sababu hata kwetu mafanikio ya nje yamepimwa kwa kolabo. Mwaka 2018 Diamond Platnumz alitoa A Boy from Tandale akiwa na Ne-Yo, Rick Ross na Omarion, na ilikuwa kazi halali ya kukutanisha, ya mtu anayejua thamani ya mlango. Lakini mwaka mmoja kabla yake, singeli ya Dar es Salaam, iliyopikwa kwenye kompyuta za uswahilini kwa vipande vya muziki wa pwani vilivyoharakishwa hadi kichwa kizunguke, ilitoka kwenye mkusanyo wa Sounds of Sisso, na baadaye ikawapeleka vijana wake kwenye matamasha ya Ulaya ya muziki wa kielektroniki. Hakuna nyota wa kigeni aliyehitajika kuwatambulisha. Anayepanga bajeti ya muziki, awe serikali au lebo, akidhani siri ya Korea ni kolabo, atanunua majina makubwa ya siku moja. Akielewa kwamba siri ilikuwa watu waliokaa miaka mingi katikati ya lugha mbili, atawatafuta vijana wa Kiswahili waliokulia Muscat, Minneapolis au London, ambao sasa wanarekodi vyumbani kwao na hawajui kama wanahesabiwa ni wa huku au wa kule.

Kuwatambua si rahisi, hata kwa wenye mashine kubwa za kutafuta vipaji. EJAE alikaa uanagenzini takriban miaka kumi akaondoka bila jukwaa. Akageuka mtunzi, akashiriki kuandika nyimbo za wengine, ikiwemo "Psycho" ya 2019 ya kundi la wasichana la Red Velvet. Kwenye filamu ile nako aliingia kama mtunzi, akirekodi sauti za mfano ili mwimbaji atakayepatikana ajue wimbo uende vipi. Waliposikiliza sauti zile za mfano, wakamchagua yeye mwenyewe aimbe.